Mshipa wa Moyo si Bomba

Mabibi na mabwana, walionisikia kabla ya leo wanajua nitaanzia wapi, kwa hiyo wacheke sasa hivi tumalize. Mshipa wa moyo si bomba. Mtu akiambiwa puto dogo limepitishwa ndani ya mshipa likafungua palipoziba, basi kichwani mwake mafuta yameshindiliwa ukutani, njia nyeupe, kazi imekwisha. Hata waliotangulia katika kazi hii walidhani hivyo, Andreas Grüntzig akiwa mmoja wao, yeye aliyemfungulia mtu mshipa wa moyo kwa puto Zürich, Septemba 1977, mgonjwa akiwa macho. Baadaye ilipochunguzwa mishipa ya waliofariki, utando ule wa mafuta ulikutwa umepasuka, haukushindiliwa.

Hapa twende polepole, maana ndipo penyewe. Puto linajazwa maji yaliyochanganywa na dawa inayoonekana kwenye picha ya eksirei, shinikizo linapanda hadi mara 8 au 10 ya lile la hewa, pengine zaidi. Kwa muda huo misuli ya moyo iliyoko mbele haipati damu. Mgonjwa anakunja uso, anasema kifua kinambana. Ule utando wa mafuta na chokaa haubonyei kirahisi. Unapasuka palipo dhaifu, mara nyingi pembeni, unapokutana na ukuta usio na ugonjwa. Ufa unaingia hadi kwenye tabaka la misuli, tabaka la nje linavutika, ngozi laini ya ndani inachubuka. Upana mnaouona kwenye picha umetokana na jeraha hilo. Mtaniuliza: daktari, mmemwumiza kusudi? Ndiyo, tena kwa kipimo.

Sasa, kilicho hai kikijeruhiwa hakitulii. Dakika chache tu, mshipa unaanza kurudi ulikotoka. Chembe sahani, zile chembe za damu zinazoanzisha kuganda, zinajazana juu ya kidonda, na damu ikiganda hapo mshipa unaziba ghafla. Ndiyo maana enzi za puto peke yake timu ya upasuaji ilikaa tayari. Mgonjwa akivuka hapo, wiki zinazofuata seli za misuli zinahama kutoka ukutani, zinazaana, zinajenga kovu kwa ndani. Ukuta wenyewe nao unasinyaa. Watu hulilaumu kovu tu, lakini ultrasaundi ya ndani ya mshipa ilionyesha, miaka ya 1990, kwamba kusinyaa ndiko kulikochangia zaidi.

Kwa puto tupu, takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu alibanwa tena ndani ya miezi 6. "Basi puto lilishindwa." Namwona anayetaka kusema hivyo. Na wale wawili je? Yule mgonjwa wa Zürich alipigwa picha miaka 10 baadaye, mshipa ukakutwa wazi. Ukuta uliopasuliwa ulijirekebisha.

Naona naonyeshwa saa. Stenti, basi, kile kibomba cha wavu wa chuma kinachoachwa ndani ya mshipa, kwa haraka: ilianza kuwekwa kwa binadamu 1986, ikauzuia ukuta usirudi wala usisinyae, ila kovu likazidi, maana chuma kinaendelea kuuchokoza mshipa. Ikaja stenti yenye dawa ya kuzuia seli zisizaane. Dawa hiyohiyo inachelewesha ngozi ya ndani kuota, chuma kinabaki wazi mbele ya damu, na damu inaweza kuganda juu yake. Kwa hiyo aliyeacha aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia chembe sahani zisishikane, bila kumwuliza daktari wake, kisa kifua hakiumi tena, asiondoke ukumbini kabla hatujaonana. Maputo yenye dawa nayaruka, slaidi zake 6 zote. Maswali?