Fremu ya Baiskeli ya Tairi Moja kutoka kwenye Chakavu

REHEMA: Leo tuna kazi moja: fremu ya baiskeli ya tairi moja, saizi ya inchi 20, kwa vipande vya baiskeli zilizokufa. Kaka Sefu, wengi hukata uma wa mbele, wakachomeka siti juu, wakafunga gurudumu la kawaida, halafu wanakwama. Wanakwama wapi?

SEFU: Kwenye pedeli. Gurudumu la mbele la baiskeli huzunguka juu ya ekseli iliyosimama. Hapa ekseli lazima izunguke pamoja na gurudumu, na kranki, ile mikono ya pedeli, zifungwe kwenye ncha zake. Kwa hiyo beringi hazikai ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, zinakaa miguuni mwa fremu. Ukishalishika hilo, fremu ni uma tu wenye nyumba mbili za beringi chini na tundu la siti juu.

REHEMA: Wengine huchukua ile ekseli ya kranki ya baiskeli ya Phoenix, kwa kuwa tayari ina sehemu za kota, zile pini za kubana kranki, wakachomelea sahani za spoku katikati.

SEFU: Siishauri, dada. Chuma chake kimekazwa ili gololi zisikile. Ukikichomelea, pembeni ya mshono kinakuwa kama kioo, siku moja kinakatika ukiwa juu. Halafu ni fupi: ukiweka sahani na beringi, kranki hazina pa kukaa. Nenda kwa fundi mwenye mashine ya kukereza, mpelekee nondo laini ya duara ya milimita 25, isiwe ya ujenzi yenye mbavu.

REHEMA: Toa vipimo, watu waandike.

SEFU: Urefu wote milimita 197. Katikati iachwe 25 kwa urefu wa milimita 93. Kila upande ishuke hadi 20 kwa urefu wa milimita 24, hapo ndipo beringi inakaa, na ncha ziwe 16 kwa milimita 28, za kranki za kota. Mwambie kwenye kila bega aache mviringo mdogo, wa kama milimita 1, asikate kona kali. Ufa huanzia konani. Ila pale pa beringi mviringo usizidi kona ya beringi yenyewe, la sivyo haitaegemea bega sawasawa.

REHEMA: Na mkato wa kota?

SEFU: Peleka kranki na kota zenyewe, akate kwa kupima navyo. Mikato miwili ikae pande zinazopingana kabisa za ekseli. Akikosea nyuzi chache tu, kranki moja inatangulia nyingine, na mpanda anayumba kila mzunguko bila kujua sababu.

REHEMA: Sasa uma. Tuchague upi?

SEFU: Uma wa chuma usio na springi, wa baiskeli ya milimani ya inchi 26, wenye bomba la usukani la inchi 1 na moja ya nane. Nje bomba hilo lina milimita 28.6 na ndani 25.4, na nguzo ya siti ya inchi moja ni 25.4 hiyohiyo. Inaingia kama imetengenezewa humo. Kola ya siti ya 28.6 pia ni ya kawaida kwenye chakavu. Ukikuta uma mwembamba wa inchi 1, ndani yake ni 22.2, utahitaji nguzo ya baiskeli ya mtoto.

REHEMA: Lakini uma wa inchi 26 kwa tairi la 20?

SEFU: Ndiyo uzuri wake. Miguu ya uma mwingi wa zamani imenyooka juu na kupinda mbele huku chini. Sisi tunatupa sehemu iliyopinda. Tairi la 20 kwa 1.95 lina nusu kipenyo ya kama milimita 250, kwa hiyo kutoka katikati ya ekseli hadi chini ya taji la uma, pale miguu inapokutana na bomba la usukani, weka 270. Jihadhari na uma wenye miguu iliyonyooka yote. Huo umeinamishwa tangu kwenye taji, na siti itakaa nyuma au mbele ya gurudumu. Laza rula ndefu kando ya bomba la usukani, uone kama inafuata mguu.

REHEMA: Nyumba za beringi tunazitoa wapi?

SEFU: Beringi namba 6004, ndani 20, nje 42, upana 12. Na bomba jeusi la maji la inchi 1 na nusu, la unene wa kati, lina uwazi wa karibu milimita 41.8. Kata pete mbili za upana wa milimita 20, piga tupa mshono wa ndani, na utaona beringi inakaribia kuingia kwa kusukuma. Usitumie bomba la zinki, moshi wake ukichomelea unaleta homa. Krome ya uma nayo isage yote kabla ya moto.

REHEMA: Pete nzima haiwezi kufungwa, maana ekseli ni ndefu kuliko nafasi kati ya miguu.

SEFU: Haiwezi. Ipasuliwe nusu mbili, ya juu ikae kwenye mguu na ya chini iwe kifuniko. Lakini fuata mpangilio huu: pete ikiwa bado nzima, chomelea masikio kila upande, toboa tundu la bolti ya milimita 6 kupitia masikio, ndipo upasue kwa msumeno mwembamba. Ukipasua kwanza, nusu zinajikunja kwa moto na hazikutani tena. Ule upana wa msumeno ndio unaokupa nafasi ya kubana.

REHEMA: Kwenye kuunganisha na mguu ndipo fremu nyingi huharibika.

SEFU: Hapo hapo. Kata miguu milimita 246 chini ya taji, maana pete ina nusu kipenyo ya 24. Piga tupa ncha ziwe na mkunjo wa kukumbatia pete. Kisha tia beringi mbovu mbili kwenye ekseli, zifunge ndani ya pete, katikati hadi katikati milimita 105. Zinashika umbo na kukupa mstari mmoja. Beringi mpya zikae mbali, moto unayeyusha grisi. Na klipu ya waya wa chini wa mashine ya kuchomelea ifungwe kwenye uma wenyewe, umeme usipite kwenye gololi.

REHEMA: Unachomelea moja kwa moja?

SEFU: Nukta tu, kulia, kushoto, mbele, nyuma. Vuta uzi kutoka katikati ya tundu la siti hadi ekseli, upime pande zote mbili. Umbali ukilingana, malizia kwa vipande vifupi, ukibadilisha upande kila mara. Ukimaliza mguu mmoja wote kabla ya mwingine, chuma kinavuta na gurudumu litakwaruza.

REHEMA: Siti juu?

SEFU: Kata ufa wa milimita 40 nyuma ya bomba, mwisho wake toboa tundu la 5 ili usiendelee kupasuka. Kama juu kuna nyuzi za kufungia usukani, kata sehemu hiyo, ni dhaifu.

REHEMA: Tuseme gurudumu kwa ufupi.

SEFU: Sahani mbili za milimita 3, kila moja matundu 18 ya 2.6 kwenye duara la kipenyo cha 60, ya pili izungushwe nyuzi 10. Zichomelewe kwenye ile sehemu ya 25, zikiachana milimita 60. Kwa rimu yenye kipenyo cha 388 pale nipeli zinapokaa, kusuka mara tatu, yaani kila spoku ikipishana na nyingine tatu, urefu wa spoku ni kama milimita 182. Pima rimu yako kwanza.

REHEMA: Na kranki za 170 zitagusa chini kwenye kona.

SEFU: Kwa inchi 20, fika karibu 130. Kata milimita 40 katikati ya mkono, noa kingo, chomelea ndani hadi ndani. Ya kulia isagwe mikono ya sproketi. Usichukue mbili za kushoto, kwa sababu pedeli ya nyuzi za kushoto ikiwekwa kulia hujifungua yenyewe.

REHEMA: Kota zinalegea sana kwenye tairi moja, maana mguu unasukuma mbele na nyuma.

SEFU: Kwa hiyo zibanwe kwa jiliwa. Kama ni nyundo, tegemeza kranki kwa kipande cha bomba, pigo lisifike kwenye beringi. Nati haivuti kota, inaishikilia tu. Vifuniko vya beringi navyo kaza hadi gurudumu lizunguke huru bila kucheza, basi. Ukikaza zaidi pete inakuwa yai na beringi inakwama. Baada ya nusu saa ya kupanda, shuka, gonga kota tena, kaza nati, na shika kranki zote mbili uzitikise kinyume. Ukisikia mlio wa tiki, kota ile haijakaa. Itoe, ipige tupa ubapa wake, irudishe.