Damu Yako Iko Ngapi?

Mhadhara kuhusu hedhi, uchovu na upungufu wa damu, kwa wanawake wafanyabiashara, Ilala, Dar es Salaam. Umeandikwa kama ulivyotolewa, na maswali ya ukumbini yameachwa pale pale yalipoulizwa.

Shikamooni mama zangu. Dada zangu, habari za mchana? Naona na kaka wawili wamekaa karibu na mlango. Msiondoke, wake zenu watanishukuru.

Mwenyekiti wenu aliponiita alisema, "Njoo utufundishe kuvumilia uchovu wa siku zetu." Nikamjibu nitakuja, ila somo la kuvumilia silileti. Mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri Mbagala, akasimama ndani ya daladala mpaka Kariakoo, akabeba mzigo, akauza mpaka jioni huku yuko kwenye siku zake na miguu imekuwa mizito, mimi nitamfundisha nini kuhusu uvumilivu? Nimekuja kuuliza tu: damu yako iko ngapi?

[Kimya.]

Bei ya gunia la mchele mnaijua, ya leo na ya wiki iliyopita. Kiwango cha damu yako, mikono iliyonyanyuka ni michache, na nikiwauliza mlipima lini, mtaniambia mlipokuwa wajawazito. Tunapima damu kwa ajili ya mtoto. Mtoto akizaliwa, na kipimo tumekiaga.

Nianze na uchovu ambao si ugonjwa, maana upo. Kabla hedhi haijaanza, homoni mbili, estrojeni na projesteroni, hushuka kwa pamoja. Kizazi nacho hutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini ili kijikamue. Zikizidi, tumbo linakata, kichwa kinauma, wengine wanaharisha. Halafu kuna usingizi. Katika zile wiki mbili zinazotangulia hedhi joto la mwili hupanda kidogo, nyuzi haifiki moja, na mwili hupenda kupoa ndipo ulale. Sasa jumlisha na joto la Dar la mwezi wa pili, umeme umekatika, feni imenyamaza. Unaamka umechoka kabla hujafanya lolote. Uchovu wa namna hii kwa wengi unalegea siku ya tatu au ya nne, na damu ikikata unajisikia mzima.

Ninayemtafuta leo ni mwingine. Hedhi imeisha, wiki imepita, lakini akipanda ngazi za ghorofa mbili anahema, moyo unakwenda mbio, akiinuka ghafla anaona giza. Hedhi inayofuata ikija, analala chini ya meza ya biashara. Huyu amechoka mwezi mzima, sema siku zile ndizo zinazomwangusha.

Ninyi wa vikoba, mnaoweka akiba na kukopeshana, mtaelewa hesabu ifuatayo kuliko wanafunzi wangu. Wekundu wa damu, ule unaobeba hewa na kuipeleka mwilini, hutengenezwa kwa madini ya chuma. Kila siku mwili hupoteza karibu miligramu 1 ya madini hayo kupitia utumbo na ngozi, hedhi iwepo isiwepo. Kutoka kwenye chakula unafyonza miligramu 1 mpaka 2 kwa siku. Mwili ukiona akiba inapungua hujitahidi kufyonza zaidi, lakini una kikomo. Tuseme umekula vizuri mwezi mzima: zimeingia 60, matumizi ya kawaida 30, zimebaki 30. Sasa kila mililita 1 ya damu inayotoka huondoka na nusu miligramu hivi. Kwa hiyo hizo 30 zinalipia mililita 60 za damu, basi.

Wanawake wengi hutoka mililita 30 mpaka 40 kwa hedhi nzima, vijiko viwili hadi vitatu vya chakula. Hao wanabaki na chenji. Tukifika 80, vijiko vitano na kidogo, hapo ndipo kitabibu tunaita hedhi nzito. Huyu anakopa 10 kila mwezi. Anayetoka 120 anakopa 30 kila mwezi, na hapo nimemhesabia mla vizuri. Anayeshindia chapati na chai, kinachoingia chote kinaishia kwenye matumizi ya kawaida, hedhi yake nzima ni mkopo. Kikoba cha namna hiyo si tunakivunja? Mwili hauvunji. Unakula akiba iliyoko kwenye ini na kwenye uboho wa mifupa, ikiisha ndipo wingi wa damu unaanza kushuka.

Na kwa kuwa akiba ndiyo hutangulia kuisha, unaweza kupimwa wingi wa damu ukaambiwa uko sawa na bado ukawa hoi. Kipo kipimo cha akiba yenyewe, kinaitwa ferritini. Kwa mtu mzima asiye na maambukizi, chini ya mikrogramu 15 kwa lita maana yake akiba imekauka. Si kila maabara hukifanya, na kina gharama zaidi ya kile cha kidole. Lakini kama wingi wa damu yako unasoma 12, umeambiwa uko sawa, na wewe hujiwezi, kiulizie.

[Swali: Nani ana kijiko cha kupimia hedhi?]

[Kicheko.] Hakuna, mama. Angalia mambo haya. Pedi inajaa ndani ya saa moja au mbili, tena na tena. Unaamka usiku kubadilisha. Unavaa pedi mbili, au pedi na kitambaa juu yake. Yanatoka mabonge makubwa kiasi cha sarafu ya mia tano au kuzidi. Inapita siku saba. Au umeacha kuvaa nguo nyeupe tangu ulipokuwa msichana. Moja tu kati ya hayo linatosha kukupeleka kupima.

Mpaka wa Shirika la Afya Duniani kwa mwanamke asiye mjamzito ni gramu 12 kwa desilita. Chini ya hapo damu ni pungufu; chini ya 8 upungufu ni mkali. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Benchi la watu kumi humu ndani, wanne au watano. Sababu si hedhi peke yake. Malaria imo, minyoo ya safura imo, kichocho kimo, selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, imo. Lakini hedhi nzito ndiyo sababu ambayo hakuna anayeitaja akifika hospitali, kwa kuwa mama yake alikuwa hivyo na bibi yake alikuwa hivyo.

Hapa nitasema jambo mtanisonya. Mwanamke wa mjini akienda zahanati na kusema "mwili umechoka", mara nyingi anatoka na majibu mawili: yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na taifodi. Anapewa antibayotiki. Mwezi ujao anarudi, yutiai imekuwa sugu. Hajaulizwa hedhi yake ikoje, na yeye hajasema. Akienda upande wa pili anaambiwa ni chango, anapewa mizizi ya kuchemsha. Siwadharau wenye mizizi, bibi yangu alikuwa nayo kabatini. Ninacholalamikia ni kwamba baada ya hapo hakuna anayetafuta tena, na mtu anaendelea kuvuja miaka.

Kwa hiyo ukifika kwa daktari usianze na uchovu. Anza hivi: "Hedhi yangu ni nzito, nabadilisha pedi kila baada ya muda fulani, siku kadhaa, na nachoka sana. Naomba nipimwe wingi wa damu." Nenda na kalenda uliyoweka alama, hata ile ya ukutani ya duka la nguo. Ikionekana damu ni pungufu, uliza pia chanzo. Uvimbe kwenye kizazi, ule mnaouita fibroidi, ni jambo la kawaida sana kwa wanawake weusi, na ultrasaundi huonyesha. Kama uliwekewa kitanzi cha shaba, hicho huongeza damu kwa baadhi yetu. Unaweza kubadilishiwa njia, maana vidonge vya majira na kile kitanzi chenye homoni hupunguza. Msichana anayetoka sana tangu hedhi yake ya kwanza, tena akijikata damu inachelewa kukata, aangaliwe kama damu yake inaganda sawasawa. Tezi ya shingo, sonona, kifua kikuu, mimba changa, vyote huchosha, daktari ataangalia. Wale wanaosema "ukizaa itaisha": maumivu, kwa baadhi, ndiyo. Uvimbe haujui kama umezaa.

[Swali: Mimi napenda sana udongo, hata sina mimba. Inahusiana?]

Inahusiana sana, na asante kwa kulisema. Hamu ya kula pemba, ule udongo wa kutafuna, mchele mbichi au barafu ni dalili inayojulikana ya kupungukiwa madini ya chuma. Wangapi hapa wana mfuko wa mchele kwenye droo? Sawa, shusheni mikono. Udongo wenyewe unaweza kuzuia madini yasifyonzwe, na unaweza kuja na mayai ya minyoo. Hutakiwi kuona aibu, unatakiwa kupima. Madini yakirudi, hamu hiyo kwa kawaida huondoka yenyewe.

Kwenye chakula tumedanganywa na rangi. Rozela ni nyekundu, bitiruti ni nyekundu, basi tunadhani inaingia mwilini na kuwa damu. Bitiruti ina madini kidogo tu. Rozela faida yake zaidi ni ule uchachu. Chuma kinachofyonzwa kirahisi kiko kwenye maini, nyama na samaki, na dagaa wamo, wala hawana bei ya maini. Mchicha, matembele, kisamvu, maharage na kunde vina chuma pia, lakini cha mimea hufyonzwa kwa shida, kinahitaji kusukumwa na vitamini C: kamulia ndimu, kula na chungwa au embe. Na adui yake mkubwa ni chai. Ukila maharage ukashushia na chai ya rangi, umekifunga chuma kingi kisifyonzwe. Sisemi muache chai, mtanitoa humu kwa fujo. Ipe saa moja au mbili, kabla au baada ya mlo. Kahawa hivyo hivyo.

Lakini mwenye damu ya 9 asidhani atarudi 12 kwa dagaa. Huyo anahitaji vidonge. Vile vya madini ya chuma vya kliniki, FEFO, mnavijua na mnavichukia: choo kinakuwa cheusi, tumbo linafunga, kichefuchefu. Choo cheusi hakina madhara. Kichefuchefu kikizidi, muulize daktari kuhusu kunywa siku moja na kuruka moja. Kwa wengi inafanya kazi na tumbo linapumzika. Usinywe na chai wala maziwa. Usiache damu inaposoma 12, kwa sababu akiba bado tupu. Kwa kawaida tunaendelea kama miezi mitatu. Mwenye selimundu asianze bila kupimwa. Na vifungiwe mbali na watoto, kwani vidonge vya chuma vikimezwa vingi vinaua mtoto mdogo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilishauri kwamba kwenye nchi ambako upungufu unafika asilimia 40, wanawake wanaopata hedhi wapewe madini ya chuma kila siku kwa miezi mitatu ya mwaka. Asilimia yetu mmeisikia.

Sasa zile siku zenyewe. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na mefenamiki zinapunguza prostaglandini, na pamoja na maumivu hupunguza kiasi cha damu. Zianze mapema, siku ya kwanza, ukiwa umekula. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au pumu aulize kwanza. Ipo pia dawa ya traneksamiki, inapunguza damu sana kwa siku zile nzito, ila ni ya kuandikiwa, kwa sababu mwenye historia ya damu kuganda kwenye mishipa haimfai. Chupa ya maji ya moto juu ya tumbo inasaidia kweli. Kuoga kabla ya kulala, kweli pia. Vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu? Vina sukari na kafeini, vinakuamsha kwa saa chache na kukunyima usingizi usiku. Maji na kifungua kinywa chenye yai au maharage vinakufikisha mbali zaidi.

Kwa wenye mwajiri: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36, 63 za kwanza kwa malipo kamili na 63 nyingine kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Hedhi nzito yenye upungufu wa damu ni ugonjwa, omba ED, ile ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi, bila kuzunguka. Jirani zetu Zambia wamekwenda mbele, sheria yao inampa mwanamke siku moja kila mwezi bila cheti. Wenye meza zenu wenyewe, sheria haiwafikii. Mliopanga meza jirani, pangeni na hilo: mnunuzi wa mzigo mzito siku zako awe mwenzako, na siku zake uwe wewe.

Anayejaza pedi kila saa kwa saa kadhaa, akazimia, au moyo ukadunda hata amekaa, asisubiri mhadhara wala asubuhi. Aende hospitali.

Pale mlangoni mwenzangu ana kipimo cha kidole, majibu ni dakika chache. Mtakaosoma chini ya 8 mniite, tutaandika barua ya rufaa hapa hapa. Wanaorudi Mbagala na Gongo la Mboto waanze wao, magari yanajaa saa kumi na moja.