Ushahidi wa Kipigo Hauvuki Boda: Mhadhara Uliotolewa Tanga

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Wazee wangu, masheikh na mapadre mlioketi hapa mbele, mama zangu, wanangu wa sekondari na vyuo, na ninyi ndugu zangu askari mliokuja bila sare, ahsanteni kwa kuitika. Nimeombwa niseme juu ya ushirikiano wa mataifa dhidi ya ugaidi. Jambo hilo limezoea kusemwa kwenye kumbi zenye viyoyozi. Mimi ni wakili mstaafu, kwa hiyo nitalishusha hadi kwenye jalada la kesi, maana huko ndiko nilikolionea.

Nianze na mama mmoja. Miaka kadhaa iliyopita alinijia ofisini mama kutoka upande wa Mkinga, wilaya yetu inayopakana na Kenya. Mwanawe wa kiume, miaka 19, alimuaga kwamba anakwenda Mombasa kutafuta kazi. Mwezi wa nne baada ya hapo simu ikalia kwa namba ngeni. Haikufika dakika mbili. Kijana akasema yuko Somalia, akaomba radhi, ikakatika. Mama akakaa na habari ile kifuani zaidi ya mwaka. Mjumbe hakuambiwa, wala jirani, wala kaka zake. Alipofika kwangu aliuliza swali moja: "Baba, nikisema, watanirudishia huyu, au watanichukulia na mdogo wake aliyebaki?"

Sikuwa na jibu. Leo najaribu kumjibu.

Turudi Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Nilikuwa Dar es Salaam, kwenye korido ya mahakama, nasubiri kesi yangu itajwe. Ilikuwa imepita saa nne na nusu asubuhi watu walipoanza kunong'ona, kisha kukimbia. Lori lililojaa baruti lilikuwa limelipuka kwenye geti la ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon. Mbele yake palikuwa na boza la maji, na boza lile ndilo lililopokea sehemu kubwa ya kishindo. Hata hivyo watu 11 walikufa pale, wakiwamo walinzi waliokuwa zamu. Dakika chache tofauti, Nairobi nako bomu lililipuka, likaua watu 213. Jumla 224 kwa asubuhi moja.

Waliolipanga lile la Dar walikaa kwenye nyumba ya kupanga Ilala, katikati ya watu, wakinunua mkate duka lile lile. Walikwenda Mombasa na Nairobi wakarudi. Walivuka mipaka kirahisi kuliko jalada la polisi lilivyoweza kuvuka. Hapo ndipo serikali za ukanda wetu zilipoamka. Mwaka uliofuata, Julai 1999, nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilipitisha Mkataba wa Algiers wa kuzuia ugaidi. Septemba 2001, baada ya New York na Washington kushambuliwa, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likatoa Azimio namba 1373, likizitaka nchi zote zifunge njia za fedha za magaidi na zisaidiane katika upelelezi. Sisi tukatunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002.

Karatasi hizo zote ni nzuri. Lakini naomba mnisikilize kwa makini katika kesi mbili, maana ndizo zilizonifundisha.

Ya kwanza. Mmoja wa walioshiriki bomu la Dar, Khalfan Khamis Mohamed, mtu wa Zanzibar, alikimbilia Afrika Kusini kwa pasipoti yenye jina lisilo lake. Akaomba hifadhi ya ukimbizi, akapata kazi kwenye mkahawa Cape Town. Oktoba 1999 alipokwenda kuongeza muda wa kibali chake akakamatwa, na siku chache baadaye maofisa wa uhamiaji wakamkabidhi kwa wapelelezi wa Marekani, akapandishwa ndege hadi New York. Hakupita mbele ya hakimu kuulizwa kama akabidhiwe. Marekani haikuombwa ahadi kwamba hatanyongwa, ilhali Afrika Kusini ilikwisha kufuta adhabu ya kifo mwaka 1995.

Wengi wetu tungesema, shida iko wapi? Muuaji kakamatwa, kapelekwa. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini haikusema hivyo. Tarehe 28 Mei 2001 majaji wakatamka kwamba serikali yao ilivunja sheria, kisha wakaamuru hukumu ipelekwe haraka New York ili mahakama iliyokuwa ikimsikiliza iisome. Fikirini hapo: nchi imemtoa mtu, halafu mahakama yake yenyewe inamfuata kwa barua kule alikopelekwa. Alihukumiwa kifungo cha maisha, nami sina huruma na alichokitenda. Ninachosema ni kwamba makabidhiano ya usiku usiku yalizirudia nchi zote mbili mchana kweupe.

Ya pili inauma zaidi. Ahmed Khalfan Ghailani, naye wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan Julai 2004. Akawekwa kwenye magereza ya siri ya wapelelezi wa Marekani, kisha Guantanamo, gereza la kijeshi la Marekani kule Cuba, na mwaka 2009 ndipo akafikishwa mahakamani New York. Waendesha mashtaka walikuwa na shahidi mkubwa, Mtanzania ambaye angesema kwamba alimuuzia baruti. Jaji Lewis Kaplan akamkataa shahidi huyo. Kwa nini? Kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumhoji Ghailani kwa mateso kule gizani. Novemba 2010 baraza la mahakama, yaani raia wanaoteuliwa kuamua kama mtu ana hatia, likatoa uamuzi: katika mashtaka zaidi ya 280, hatia ni moja, la kula njama. Alipata kifungo cha maisha kwa hilo moja. Lakini mashtaka ya kuwaua watu 224 hayakusimama hata moja.

Kuna wajane Dar na Nairobi waliosubiri miaka 12 wasikie mahakama ikitamka kwamba huyu ndiye aliyemuua mume wako. Hawakusikia. Wenye kosa ni wale waliodhani maumivu yanatoa ukweli haraka.

Ndiyo maana nasema ushahidi wa kipigo hauvuki boda. Unaweza kukubalika kwenye chumba cha mahojiano, unaweza hata kutangazwa kwenye vyombo vya habari. Ukifika mbele ya jaji wa nchi ya pili, jaji asiyekujua wala kukuogopa, unaanguka.

Sasa tuje nyumbani. Sisi wa Tanga si wageni wa habari hizi. Februari 2015 tulisikia milio ya risasi kwenye mapango ya Amboni, pale tunapopeleka watoto wa shule kutembea, na mwanajeshi mmoja akapoteza maisha. Mei 2016 watu 8 waliuawa Kibatini. Wakati huo kila mtu alikuwa na jina la kumtaja. Vijana waliokuwa na ndevu na kanzu fupi walihama mitaa kabla hata ya kuulizwa. Nilikuwa na wateja ambao ndugu zao walichukuliwa usiku na familia ikazunguka vituo vitatu, vinne, bila kuambiwa yuko wapi. Mzee wa familia moja aliniambia, "Wakili, tulikuwa tunajua mambo mawili matatu tungewaeleza. Sasa hatujui kitu."

Maneno yale ya mzee yaandikeni. Mnyororo mzima wa ushirikiano wa kimataifa, kuanzia Interpol, shirika la polisi la kimataifa lenye nchi 196, hadi wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki wanaokutana kila mwaka, mwanzo wake ni mtu kama yeye. Interpol haina askari wa kukamata mtu Duga wala Moa. Hata ile notisi nyekundu inayotajwa sana siyo hati ya kukamatia. Ni taarifa kwamba nchi fulani inamtafuta fulani, na kila nchi inaipima kwa sheria zake. Taarifa yenyewe inatoka kwa anayeona: mvuvi wa Moa anayejua boti ngeni ikishusha watu bandari bubu, wakala wa fedha za simu anayeona laini moja ikipokea miamala midogo midogo isiyo na sababu, mama anayepigiwa simu kwa namba ya Somalia.

Na mpaka wetu mnaujua. Mdigo wa Mkinga ana shangazi Lunga Lunga, upande wa Kenya, Msegeju wa Moa ana shamba na mke Vanga, huko huko Kenya. Pale kituo cha mpakani cha Horohoro maofisa wa nchi mbili wanaweza kukaa chini ya paa moja, wakagongeana mihuri. Lakini Kenya ikitaka maelezo ya shahidi aliye Maramba ili yatumike mahakamani Mombasa, inabidi barua ipite kwa Mwanasheria Mkuu, kwa Sheria ya Kusaidiana katika Masuala ya Jinai ya mwaka 1991. Watu wanalalamika kwamba njia hiyo ni ndefu, na kweli ni ndefu, ifupishwe. Lakini wanaoona dawa ni njia ya panya, kwamba polisi wa huku wamsukumie mwenzao gizani, nawarudisha Cape Town.

Kuna jambo lingine linalotuhusu. Mwaka 2015 magaidi waliua watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya. Miaka minne baadaye, kati ya waliotiwa hatiani alikuwamo Mtanzania. Mtoto wetu. Tukisema hili ni tatizo la Wakenya au Wasomali tunajidanganya. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, walivuka mto Ruvuma wakaua watu kijiji cha Kitaya, Mtwara. Majeshi ya Rwanda na ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, yetu yakiwamo, yakaingia Msumbiji Julai 2021, na mwezi uliofuata mji wa Mocímboa da Praia ukakombolewa. Nawashukuru wanajeshi wale. Lakini jeshi linakomboa mji. Halimwambii mama wa Mkinga kama aseme au anyamaze.

Habari za fedha nizipite haraka. Oktoba 2022 nchi yetu iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya nchi zenye upungufu katika kudhibiti fedha haramu na za ugaidi, ikatolewa Juni 2025. Wafanyabiashara wenye miamala ya nje wanajua maana yake.

Neno lenyewe "gaidi" nalo lishikwe kwa uangalifu. Tangu 1996 Umoja wa Mataifa unajadili mkataba mmoja wa jumla na haujaafikiana. Mkataba wa Algiers wenyewe ulitenga mapambano ya watu kujikomboa, kwa sababu Afrika inakumbuka: Wareno waliwaita wapiganaji wa Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, magaidi, na kiongozi wao Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Na karibuni zaidi, viongozi wa Uamsho, kikundi cha Kiislamu cha Zanzibar, walikaa rumande miaka mingi kwa mashtaka ya ugaidi hadi Juni 2021, mashtaka yalipofutwa kabla hayajafikia hukumu. Kama walikuwa na hatia, hatukuthibitisha. Kama hawakuwa nayo, nani atawarudishia miaka ile? Kila neno hili linapotumiwa hovyo, siku tutakapolitumia kwa haki jirani zetu watatutazama mara mbili.

Aprili 2015, baada ya Garissa, Kenya ilitangaza msamaha kwa vijana watakaorudi kutoka Al-Shabaab, kundi la kigaidi la Somalia. Walipewa siku 10, zikaongezwa. Wazo lilikuwa jema, muda ulikuwa mfupi mno. Natamani Dodoma na Nairobi wakae waandike mlango wa kudumu, wa nchi mbili, wenye hakimu na wenye jina la ofisi: kijana akirudi apokewe na nani, ahojiwe wapi, mzazi aruhusiwe kumwona lini, na aliyeua ashtakiwe vipi. Mlango huo ukiandikwa, mtu wa kwanza nitakayempelekea habari namjua.

Yule mama hajabadilisha laini ya simu mpaka leo. Simu yenyewe ni ya kitochi, imefungwa kwa mpira. Anasema akiibadilisha namba, mtoto hatampata.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Tuanze maswali, na tuanze na akina mama.