Kuchagua Rimoti ya Kamera kwa Ajili ya Picha za Anga la Usiku

Mabibi na mabwana,

Wanaoanza kupiga picha za nyota huniuliza mara nyingi ni rimoti ipi inayofika mbali zaidi. Kwa kazi hii umbali si kitu, kwa kuwa mpiga picha wa anga huwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwenye kamera yake. Anachohitaji ni shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia ndani ya kamera, ifunguke bila kamera kuguswa, ibaki wazi kwa muda anaoutaka, na kazi hiyo ijirudie saa nzima au zaidi bila kukatika.

Hitaji la kwanza halidai ununuzi wowote. Kamera karibu zote zina taima ya sekunde 2, nayo inatosha kutuliza mtikisiko wa kidole unapopiga picha moja moja. Nyingi hupima zenyewe muda wa shata hadi sekunde 30, na picha ya Njia Nyeupe, ule ukanda hafifu wa nyota unaokatiza anga, kwa lenzi pana haivuki hapo, kwa sababu dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa, na nyota zikiachwa muda mrefu huchorwa kama vistari. Wapiga picha hukadiria sekunde hizo kwa kugawanya 500 kwa urefu wa fokasi, yaani ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi: lenzi ya milimita 20 kwenye kamera ya fremu kamili, yenye kihisi (sehemu inayopokea mwanga) kikubwa, hupata sekunde 25, na kwenye kihisi kidogo zaidi cha APS-C muda huo hupungua kwa takriban theluthi moja. Anayetaka picha za namna hiyo tu nitamshauri asinunue chochote.

Rimoti huanza kuwa na maana tunapovuka sekunde 30 au tunapotaka mfululizo. Katika modi ya B (Bulb) shata hukaa wazi kwa muda wote ambao kitufe kimebanwa, na hapo rimoti ya waya yenye kitufe kinachoweza kufungwa inafaa sana. Rimoti hiyohiyo ya kawaida hufanya jambo ambalo wengi hawalitarajii: iwekeni kamera kwenye sekunde 30 na upigaji wa mfululizo, kisha fungeni kitufe, nayo itapiga picha moja baada ya nyingine hadi betri au kadi iishe. Picha 120 zikiunganishwa kwenye kompyuta hutoa michirizi ya nyota ya takriban saa moja, yaani pinde za nyuzi 15. Zimeni tu kipengele cha kupunguza chembechembe kwenye picha za muda mrefu, maana hicho huilazimisha kamera kupiga picha ya pili ya giza yenye urefu sawa na ya kwanza, na michirizi ikatoka imekatikakatika.

Rimoti ya taima ndiyo ninayoipendelea, kwa kuwa huunganisha muda wa shata, nafasi kati ya picha na idadi ya picha. Hata hivyo, someni maelezo yake kwa makini. Baadhi huhesabu nafasi kuanzia mwanzo wa picha moja hadi mwanzo wa inayofuata, kwa hiyo picha ya sekunde 60 hutaka nafasi ya sekunde 61 au 62. Nyingine huhesabu mapumziko baada ya shata kufungwa, na kwa hizo sekunde 1 inatosha. Ukiandika 62 kwenye aina hii ya pili, kila picha itafuatwa na zaidi ya dakika moja tupu, jambo ambalo pengine utaligundua mbele ya kompyuta, usiku ukiwa umeshapita. Kamera nyingi za sasa zina taima ya mfululizo ndani yake, kwa hiyo angalieni menyu kabla ya kutoa pesa.

Rimoti za infraredi, zinazotumia mwanga usioonekana kama rimoti ya televisheni, siwashauri. Huhitaji kuonana na kipokezi, ambacho kwa kawaida kiko mbele ya kamera, ilhali sisi husimama nyuma. Za redio hazina kasoro hiyo, ila huongeza betri za kutunza. Programu ya simu ni rahisi, lakini mwanga wa kioo huharibu macho yaliyochukua dakika 20 au 30 kuzoea giza, na muunganisho wa Wi-Fi hula betri ya kamera.

Limebaki suala la plagi ya kuunganisha waya wa rimoti na kamera, ambalo ndilo huwaangusha wanunuzi wengi. Canon peke yake ina plagi ya duara ya milimita 2.5 kwa kamera za chini na ya pini tatu, iitwayo N3, kwa za juu. Nikon nayo ina ya pini kumi kwa kamera zake za kitaalamu. Kwa sababu hiyo jina la kampuni kwenye boksi halitoshi: tafuteni namba kamili ya modeli ya kamera yenu katika orodha ya rimoti, na ikiwezekana nunueni ile ambayo waya wake hubadilishwa, ili mkibadili kamera mnunue waya tu.