Injini ya Boti: Uliza Kwanza Kama Itazimika

Ndugu wasikilizaji, leo tutazungumzia vile tu ambavyo mkono wa mwendesha boti unavishika: swichi ya kuzimia, gia, akseleta na usukani. Mambo ya pistoni na kabureta tuwaachie mafundi. Watu wengi wakipanda boti, la kwanza wanalotaka kujua ni kama injini itawaka. Nawaomba mtangulize swali jingine: itazimika?

Karibu na mkono wako kuna kitufe chekundu, na chini yake kumepachikwa kipini cha plastiki chenye kamba. Kipini kikichomoka, umeme wa plagi unakatika na injini inakufa. Ncha ya pili ya kamba ifungwe kifundoni mwa mkono, pajani, au kwenye mkanda imara wa jaketi la kuokolea. Usiifunge kwenye kitufe cha shati, kwa sababu ukianguka shati litachanika na kipini kitabaki palepale. Ukidondoka majini huku injini ikiendelea, boti haiendi moja kwa moja ikapotea. Msukumo wa rafadha (propela) huupeleka usukani upande mmoja, boti ikaanza kuzunguka duara na kukurudia pale ulipo. Ndiyo maana sina huruma na wale wanaokishindilia kipini kwa waya au mpira ili "kisisumbue".

Kuikagua ni kazi ya dakika moja. Washa injini ikiwa nyutro, iache iungurume taratibu, kisha vuta kamba. Izimike papo hapo. Halafu, kipini kikiwa bado kimetoka, jaribu kuiwasha tena, isiwake. Ikiwaka, swichi ni mbovu na safari haipo. Kuwe pia na kipini cha akiba botini, maana nahodha akianguka na cha kwanza, waliobaki watahitaji kuiwasha ili wamfuate.

Tuje kwenye gia. Injini ikiwa imezimwa na kipini kimetolewa, weka nyutro na uzungushe rafadha kwa mkono: izunguke bila kizuizi. Ingiza gia ya mbele, kisha ya nyuma, huku ukiichezesha rafadha kidogo ili meno yapate kushikana. Usilazimishe mkono wa gia injini ikiwa imesimama. Utapinda kiungo bure. Gia ikishaingia, vuta kamba ya kuwashia, au kama ni ya ufunguo, rudisha kipini na ugeuze ufunguo. Kamba igome, au stata ikae kimya. Injini inayowaka ikiwa ndani ya gia hurusha mbele boti nzima kwa ghafla, na aliyesimama huishia majini, pengine upande wa rafadha.

Wengi hudhani kuingiza gia polepole ni kuitunza. Sivyo. Ndani kuna meno yanayoumana kwa mkupuo, na ukisitasita yanagongana ncha kwa ncha mpaka pembe zinalika. Baadaye gia huanza kuruka yenyewe boti ikiwa na mzigo. Punguza akseleta hadi mzunguko wa chini kabisa, kisha ingiza gia kwa mwendo mmoja thabiti. Ukitoka mbele kwenda nyuma, tulia kwanza nyutro mpaka boti ipunguze kasi, na hakikisha kufuli la rivasi limeshika, ama injini itainuka na kutoa rafadha majini. Rivasi ya nguvu pia huingiza maji kwa nyuma, hasa kwenye boti fupi yenye mzigo tezini.

Kwenye mkono wa kuendeshea kuna skrubu ya kukazia akseleta. Ikikazwa sana, ukiachia mkono mwendo unabaki vilevile. Ilegeze kiasi kwamba unaweza kushusha mwendo bila kushindana nayo. Kwenye boti zenye boksi la pembeni, lenye mkono mmoja wa gia na akseleta, kuna kitufe cha kupandisha mzunguko bila gia, cha kupashia injini moto. Kabla ya kuondoka, rudisha mkono katikati ili kitufe kijirudi.

Mkono huo wa boksi ukiwa mzito, chomoa kebo yake upande wa injini. Ukilegea, kasoro iko injini. Ukibaki mzito, ni kebo au boksi. Kebo ambayo ganda lake limevimba au kupasuka ina kutu ndani. Ibadilishwe, kuipaka mafuta ni kujidanganya. Usukani nao ugeuze hadi mwisho kulia na kushoto. Unapotia grisi kwenye chuchu yake, hakikisha kwanza fimbo ya kebo imeingia yote ndani ya bomba. Ukipampu ikiwa imetoka, grisi hujaa mbele yake na usukani ukagoma.

Injini ikishawaka, tazama mchirizi wa maji ya kupoozea. Usipoonekana, zima, kisha zibua tundu kwa waya mwembamba.

Na unapomkaribia mtu aliye majini, nyutro haitoshi. Rafadha ya baadhi ya injini huendelea kuzunguka kidogo hata gia ikiwa imetoka. Zima kabisa, ndipo umvute ndani.