Hamu Huja Nyuma: Mazoezi kwa Mtu Mwenye Sonona

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Mtu mwenye sonona akiambiwa "fanya mazoezi, utapata nafuu", husikia lawama kabla ya kusikia ushauri. Faida za mazoezi anazijua tangu utotoni. Kinachomshinda ni kunyanyuka kitandani, na hapo ndipo tutakapokaa leo.

Sonona hupunguza vitu vile vile ambavyo mazoezi yanavihitaji: nguvu, usingizi, umakini, na zaidi ya vyote uwezo wa kutazamia raha. Ubongo wenye sonona hubashiri vibaya. Ukiuuliza "nikitembea nitajisikiaje?", hujibu "hakuna kitakachobadilika", na jibu hilo huja na uzito wa ushahidi ilhali ni dalili ya ugonjwa. Njia ya kulipima ni ndogo tu. Kabla ya kutoka, andika kwenye daftari namba kati ya 0 na 10: unadhani utajisikiaje ukirudi? Ukirudi, andika namba ya kweli pembeni yake. Fanya hivyo mara saba au nane, kisha zitazame namba zote pamoja. Mara nyingi ya pili huizidi ya kwanza, japo kwa moja au mbili tu. Moja au mbili ni nyingi kwa mtu aliyekuwa anatarajia sifuri.

Kwa hiyo anayesubiri hamu ndipo aanze atasubiri sana. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Peter Lewinsohn alieleza mzunguko huu: mtu anajitenga na shughuli, anakosa yale yaliyokuwa yakimpa raha, sonona inazidi, naye anajitenga zaidi. Mwaka 1996 mwanasaikolojia Neil Jacobson na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha tiba kamili ya fikra na tabia, yaani tiba ya mazungumzo inayobadili mawazo na mazoea, na ile sehemu yake ya vitendo peke yake, ya kumrudisha mtu kwenye shughuli. Waliopewa vitendo tu walipata nafuu sawa na wenzao. Kitendo kinaweza kutangulia, hamu ikafuata.

Sasa kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Tafadhali, iwekeni namba hiyo kabatini kwanza. Ukimpa mtu mwenye sonona dakika 150 umempa njia mpya ya kushindwa. Tumieni kipimo cha siku mbaya: kumbuka siku iliyokuwa ngumu kuliko zote wiki iliyopita, ujiulize siku ile ungeweza nini. Kwa mmoja ni kutembea dakika tano. Kwa mwingine ni kuvaa viatu na kusimama nje ya mlango dakika mbili, kisha kurudi ndani. Hilo ni zoezi kamili, lihesabuni. Kaa na kiasi hicho wiki nzima. Ukikitimiza siku tano kati ya saba, ongeza dakika mbili. Ukikitimiza siku tatu au chini yake, kiasi ndicho kilichokosea, kipunguze nusu.

Mtego mkubwa ni siku nzuri. Mtu anaamka akiwa na nguvu, anatembea saa nzima kufidia siku alizopoteza, kesho yake misuli inauma na mwili umechoka, na wiki mbili havai viatu tena. Siku nzuri nayo iwekewe mpaka: usizidi mara mbili ya kiasi chako. Siku zilizopita hazina deni.

Saa nayo ina maana. Wengi wenye sonona huwa wazito zaidi asubuhi, wakapata wepesi kadiri jioni inavyokaribia. Andika hali yako mara tatu kwa siku kwa wiki moja, kisha uchague saa iliyo nyepesi, hata kama kila mtu anasifu asubuhi. Ukishaichagua, ifunge kwenye jambo unalolifanya tayari: "nikishapiga mswaki, navaa viatu." Viatu na nguo viwe mlangoni tangu jana. Kila uamuzi unaobakishwa, kama nivae nini au nipite wapi, unakula nguvu ile ile iliyopungua. Njia iwe moja, ya kwenda na kurudi.

Kasi: uweze kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Wengi wenye sonona wana wasiwasi pia, na moyo ukianza kudunda ghafla mwili huweza kudhani ni hofu. Anza taratibu, umalize hivyo hivyo. Siku usiyoweza kutoka, keti kitini na kusimama mara tano, pumzika dakika moja, rudia. Kusukuma ukuta kwa mikono kunafaa pia.

Wanaotumia dawa wasikilize hapa. Amitriptyline, mojawapo ya dawa za sonona, huweza kushusha shinikizo la damu unaposimama, ukapata kizunguzungu. Keti ukingoni mwa kitanda dakika moja kwanza. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hali ya moyo, akitoka jasho jingi bila kunywa maji, dawa huweza kuzidi kwenye damu. Azungumze na daktari kabla ya kuongeza mazoezi, na akianza kutetemeka sana, kutapika au kupepesuka aende hospitali. Na msiache dawa kwa sababu mmeanza kutembea. Mtu asiyeweza kula, au mwenye mawazo ya kujiua, asiachwe peke yake na daftari la mazoezi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi: baadhi walipewa mazoezi, baadhi dawa ya sonona iitwayo sertraline, baadhi vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yalikuwa karibu sawa, ingawa waliopewa dawa peke yake walianza kupata nafuu mapema zaidi. Lakini waliofanya mazoezi walikuwa na kikundi, msimamizi na ratiba ya siku tatu kwa wiki. Hawakuachwa wapambane na mlango peke yao.

Kwa hiyo ninyi mnaoishi na mgonjwa, acheni neno "jitahidi". Anajitahidi kuliko mnavyoona. Vaa viatu vyako, simama mlangoni, sema, "Natembea hadi kwenye kona nirudi, twende." Akija, msiongee sana. Akikataa, nenda mwenyewe, urudi bila kununa, na kesho saa ile ile umwite tena.