Imla ya maneno 12

REHEMA: Mbukwenyi, wasikilizaji. Leo Daudi kafika kabla yangu, jambo ambalo halijatokea tangu tuanze kipindi hiki. Nimemkuta hapa Ipagala kakaa kwenye ngazi, upepo wote huu na vumbi lake, laptopu kaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

DAUDI: Usingizi ulikataa, dada. Nikaona bora nije nisubiri hapa.

REHEMA: Mada yetu ni kuchagua pochi ya bitcoin, yaani programu ya kutumia ile sarafu ya mtandaoni, kwa kompyuta inayotumia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Nina mambo matano kwenye daftari, na mnajua nikishaandika nimeandika. Lakini Jumanne usiku ulinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita, nikasikia mtu anahema. Anza na hilo.

DAUDI: Ile laptopu yangu mnaijua, nimeilalamikia humu vya kutosha. Windows 10 iliacha kupewa matengenezo Oktoba 2025, na 11 mashine yangu haiiwezi. Nikaweka Linux Mint, ikafufuka. Sasa Jumatatu usiku nikasema nihamishe bitcoin zangu kutoka kwenye simu. Nikachukua pochi inayoitwa Electrum.

REHEMA: Uliipakua wapi?

DAUDI: Tovuti yao wenyewe, na sahihi ya faili, ile saini ya kidijitali ya watengenezaji, nikaihakiki. Usinitazame hivyo, hapo sikukosea. Pochi ikanipa maneno yake 12 ya Kiingereza. Nikachana karatasi kwenye daftari la mpwa wangu, nikaandika kwa mkono, namba moja mpaka 12, mwandiko wa kutulia kabisa ili nisije nikashindwa kuusoma mwenyewe baadaye. Nikaisukuma chini ya kitambaa cha meza sebuleni, nikaenda kulala.

REHEMA: Chini ya kitambaa cha meza.

DAUDI: Usiku mmoja tu, dada. Asubuhi mama anafuta meza, anakuta karatasi ya daftari, maneno ya Kiingereza, yana namba. Mpwa wangu yuko darasa la nne. Mama akajua mtoto kasahau imla yake. Akaikunja vizuri, akaitia kwenye begi.

REHEMA: (anacheka) Subiri. Subiri kwanza.

DAUDI: Ikaenda shule, ikarudi. Hii hapa. Wasomee hapo chini.

REHEMA: Jamani. Kalamu nyekundu. Kila neno lina vema lake, moja mpaka 12. Na hapa: "12/12. Hongera. Mwandiko mzuri."

DAUDI: Mtoto kaingia mbio, "Mjomba, nimepata zote!" Na usiku tunakula, ugali na mlenda, anaanza kuyasoma kwa sauti. Neno la saba ni mbuzi kwa Kiingereza, akalipenda, akawa analirudia. Mlango uko wazi. Jirani kaja kuazima kinu, amesimama pale anampigia makofi.

REHEMA: Ndipo ukanirekodia ule ujumbe.

DAUDI: Nilikuwa nakimbilia chumbani. Nikafungua pochi mpya, maneno mapya, nikatuma kila kitu kwenye anwani mpya. Bloku, lile fungu la miamala iliyothibitishwa, hutoka kila dakika 10 hivi kwa wastani. Ile ilikawia zaidi ya nusu saa, nami nimesimama tu, siwezi kukaa.

REHEMA: Hapa niwaambie wageni kwa nini alikimbia. Pochi haina sarafu ndani. Sarafu ni rekodi kwenye daftari la pamoja ambalo kompyuta za dunia nzima zinalo. Pochi inashika funguo, na funguo zote zinazaliwa kutokana na maneno yale 12. Mwenye maneno hahitaji laptopu yako, wala nywila yako, wala jina lako. Anaweka Electrum kwake, anaandika maneno, anahamisha. Na zikishahamishwa hakuna huduma kwa wateja utakayopigia kuomba muamala urudishwe, kama unavyofanya ukikosea namba ya simu.

DAUDI: Sidhani mwalimu alijua. Wala jirani. Lakini ningelalaje?

REHEMA: Sasa kuna kitu kinaniuma. Maneno hayo yanatoka kwenye orodha ya maneno 2048. Orodha rasmi zipo za Kijapani, Kikorea, Kicheki, Kireno. Ya Kiswahili hakuna. Lugha ya watu wengi hivi, inayofundishwa mpaka vyuo vya nje, hakuna mtu aliyekaa akachagua maneno 2048 yakaingizwa. Mama angekuta "mbuzi, kinu, upepo, jiwe" angekuuliza kwanza, hiki nini.

DAUDI: Angedhani nimetoka kwa mganga.

REHEMA: Angalau angeuliza! Haya, jambo la kwanza kwenye daftari, kuchagua pochi yenyewe. Wewe Electrum, mimi Sparrow. Bitcoin Core nayo ipo, hiyo inapakua historia yote ya bitcoin tangu 2009, mamia ya gigabaiti. Unaweza kuiambia itupe ya zamani ibaki na kidogo, ila kupakua lazima ipakue yote. Kwa bando letu hili, tusidanganyane.

DAUDI: Electrum ni nyepesi. Ipo tangu 2011, na laptopu yangu ya ramu ya giga 4 haijalalamika.

REHEMA: Sawa, ila wasikilizaji wajue mbegu ya Electrum, yaani yale maneno 12, ina muundo wake. Ukiyapeleka maneno hayo kwenye pochi nyingine, nyingi zitakuambia si sahihi, nawe utadhani umeibiwa. Andika kwenye karatasi jina la pochi pia.

DAUDI: Mwalimu angenipa 13 kwa 12.

REHEMA: (anacheka) Hiyo karatasi mpya iko wapi sasa? Usiniambie chini ya kitambaa.

DAUDI: Siiweki tena kwenye karatasi. Nimenunua kipande cha bati pale Majengo, nitatoboa herufi kwa msumari na nyundo. Herufi nne za mwanzo za kila neno zinatosha, kwa sababu kwenye orodha ile hakuna maneno mawili yanayoanza na herufi nne zilezile. Moto hauli, mchwa hawali, mama hawezi kulitia kwenye begi.

REHEMA: Na bati nani anajua lilipo?

DAUDI: Mimi.

REHEMA: Na mwingine?

DAUDI: Hakuna mwingine. Ndiyo maana yake.

REHEMA: Hapo sikubali. Hapana, Daudi, hapo sikubali kabisa. Niwasimulie kitu ambacho sijawahi kukisema humu. Babu yangu mzaa mama, Kondoa, alikuwa mtu wa alizeti na nyuki. Alifariki ghafla, asubuhi alikuwa shambani. Mwaka jana Agosti wajomba wanabomoa ghala, kuna mzinga wa zamani ulining'inia pale miaka na miaka, mzinga wa gogo, mkavu, hakuna nyuki. Mjomba anaushusha, unamponyoka, unapasuka. Ndani kuna mfuko wa rambo umefungwa kwa kamba ya katani. Noti za elfu kumi, elfu tano, zimeshikana kwa nta. Nilizibandua moja moja kwa kucha zangu, zinanukia asali.

DAUDI: Na zilikuwa zile za zamani.

REHEMA: Za toleo la 2003 na nyuma ya hapo. Benki Kuu ilitoa muda wa kuzibadilisha, kuanzia 6 Januari 2025 mpaka 5 Aprili. Sisi tumezipata Agosti. Miezi minne, Daudi. Bibi aliishi chini ya paa lile miaka yote, anakopa chumvi dukani, na mzinga uko juu ya kichwa chake. Babu hakuwa mchoyo. Aliogopa wezi, akanyamaza, basi. Ukiniambia "hakuna mwingine anayejua" mimi naona ule mzinga.

DAUDI: Pole, dada. Hilo hukuwahi kuniambia hata mimi.

REHEMA: Nakuambia leo.

DAUDI: Lakini nami nisikilize. Karatasi yangu ilikaa peke yake usiku mmoja. Kesho yake ikapita kwa mama, mtoto, mwalimu, jirani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya, wote walinipenda! Siri ikishakuwa ya watu wawili si siri, na hii siri ni pesa taslimu.

REHEMA: Usimpe mtu siri nzima. Wamama wa kikoba wamelimaliza hili zamani. Sanduku la chuma, kufuli tatu, watunza funguo watatu, kila mmoja nyumba yake. Mweka hazina anakaa na sanduku, hawezi kulifungua. Sparrow inafanya hilohilo, hata Electrum yako inaweza. Unatengeneza pochi ya funguo tatu, unasema mbili kati ya tatu zikisaini, pesa inatoka. Mmoja wako, mmoja mama, mmoja dada yako Mpwapwa. Mtoto akipeleka wa mama shule, mwalimu akipata 12 kwa 12, hajapata kitu. Ukifa, Mungu apishe mbali, mama na dada wanatosha.

DAUDI: Kwenye kikoba ufunguo ukipotea wanaita fundi anakata kufuli. Huku fundi hakuna. Na hujasema lote. Ili kuijenga upya pochi ya funguo tatu, maneno ya watu wawili hayatoshi. Unahitaji pia ufunguo wa wazi wa yule wa tatu, ule wa kutambua pochi usioweza kutoa pesa, la sivyo kompyuta haiwezi kujua sanduku lenyewe ni lipi. Nakosea?

REHEMA: Hukosei. Unakili funguo za wazi zote tatu kwenye kila karatasi. Hizo haziibi pesa, akizipata mtu ataona tu salio.

DAUDI: Herufi zaidi ya mia kwa kila ufunguo, na mama ndiye atazitunza. Mama ambaye akiona karatasi anaitafutia begi. Dada, mimi nina laki chache mle, si hazina ya taifa. Kadiri unavyoongeza sehemu ndivyo unavyoongeza pa kuharibikia. Watu wamezika pesa kwa kujifunga wenyewe kufuli nyingi kuliko walioibiwa.

REHEMA: Hilo la mwisho huna hesabu yake.

DAUDI: Sina. Lakini naliamini.

REHEMA: Na mimi nimezishika zile noti. Laki chache! Bibi alikuwa anakopa chumvi, laki chache ingekuwa nini kwake?

DAUDI: Basi nitaandika barua, nitaifunga.

REHEMA: Utaiweka wapi?

DAUDI: ...Nitafikiria.

REHEMA: Hata babu alikuwa anafikiria.

DAUDI: Hiyo si haki, Rehema.

REHEMA: Najua. Siifuti.

DAUDI: Haya. Tuendelee na daftari.

REHEMA: (kimya kidogo) Dakika zimekwenda, kwaya wameshafika, nawaona dirishani na kinanda chao. Nilitaka nieleze kuhakiki sahihi hatua kwa hatua, vile vifaa vidogo vya kutunzia funguo, Trezor na Ledger, na ruhusa vinavyohitaji kwenye Linux, kisha kodi ya zuio ya asilimia 3 iliyoletwa na Sheria ya Fedha ya 2024. Vyote havipo leo.

DAUDI: Sema lile la duka la programu. Lile usiliache, kuna mtu anapakua sasa hivi.

REHEMA: Haraka basi. Usitafute pochi kwa kuandika jina lake kwenye duka la programu la Linux ukabonyeza ya kwanza. Februari 2024 kulikuwa na pochi bandia kwenye Snap, mojawapo ya maduka hayo, imejipachika jina la pochi halisi, Exodus. Mtu mmoja akaingiza maneno yake 12, zikaondoka bitcoin zaidi ya 9. Na mwishoni mwa 2018 watumiaji wa Electrum walikuwa wanaletewa ujumbe ndani ya pochi halisi, "pakua toleo jipya hapa", kiungo kinawapeleka kwenye programu ya wezi. Nenda tovuti ya watengenezaji, andika anwani mwenyewe, shusha faili na sahihi yake, hakiki kwa gpg, programu ya kukagua sahihi. Ikikuambia sahihi mbaya, futa. Na ufunguo wa mtengenezaji, ule unaokagulia sahihi, uulinganishe sehemu zaidi ya moja, kwa sababu...

(mlango unagongwa)

DAUDI: Tunatoka, jamani, dakika moja!

REHEMA: Kwa sababu aliyebadilisha faili anaweza kubadilisha na ufunguo uliowekwa pembeni yake. Daudi, chukua karatasi yako. Usiiache hapa.

DAUDI: Hiyo imeshakufa, haina kitu. Mtoto anataka tuibandike ukutani.

REHEMA: Na bati?

DAUDI: Sisemi.

REHEMA: Hata mimi?

DAUDI: Hata wewe, dada.

REHEMA: Haya. Wiki ijayo tunaanzia hapohapo.